Nani aliuza Mrima? Kweli na uongo kuhusu Wadachi

Mwaka 1845 jarida la John O'Sullivan, lililokuwa likitoka New York, lilitangaza jambo ambalo Wamarekani weupe wengi walikuwa wanaliamini tayari: kwamba Mungu amewagawia bara zima, toka bahari moja hadi nyingine, na wao kazi yao ni kulijaza. Miaka 39 baadaye, Novemba 1884, Mjerumani wa miaka 28 aitwaye Carl Peters alishuka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, na wenzake watatu, bendera na karatasi za mikataba. Serikali yake ilikuwa imemjulisha kupitia konseli wake Unguja kwamba asitegemee ulinzi wowote. Hakujali. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi pwani na mkoba wa mikataba iliyotiwa alama na machifu wa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami.

Habari za Wamarekani na nchi yao ya magharibi tumezipata kwenye sinema za kauboi. Hizi zetu, za Wadachi, yaani Wajerumani, na Mrima, pwani yetu ya bara, tumezipata shuleni, barazani na kwa waongoza watalii wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na humo mchele umechanganyika na chuya. Tupete kidogo.

“Chifu Mangungo wa Msovero aliiuza nchi.”

Uongo, tena wa kumwonea marehemu. Kila mkataba wa madini au wa bandari ukizua kelele nchini, Mangungo hufufuliwa ili atukanwe upya. Mtu akitaka kusema mwenzake amesaini asichokielewa, humwita Mangungo na wote wakacheka.

Tuutazame mkataba wenyewe. Ni wa tarehe 29 Novemba 1884, umeandikwa Kijerumani. Unasema Mangungo na Peters wamefunga urafiki wa milele. Kwamba Mangungo anatoa eneo lake lote na haki zake zote kwa ajili ya makazi ya Wajerumani. Na kwamba Peters, kwa upande wake, ataikumbuka Msovero siku Usagara itakapoanza kukaliwa. Basi, hiyo ndiyo bei. Mkalimani anatajwa, Ramazani, na inadaiwa alimweleza chifu kila kitu kwa uwazi. Kuna na kifungu kimoja ambacho mimi kila nikikisoma nacheka: mashahidi, ambao ni wenzake Peters, wanathibitisha kwamba Mangungo alipoulizwa kama yuko chini ya Sultani wa Zanzibar, alijibu kwamba hata hajui kama kuna mtu kama huyo.

Hebu fikiri. Usagara ilikuwa kwenye njia kuu ya misafara ya pembe. Vitambaa vya Unguja, shanga za Unguja na bunduki za Unguja vilikuwa vikipita hapo kila kiangazi, na chifu wa huko asimjue Sayyid Barghash! Kifungu kile kiliwekwa kwa sababu moja tu. Berlin walihitaji karatasi inayosema nchi ile haina mwenyewe mwingine, ili Sultani akija kulalamika aonyeshwe mlango. Mangungo hakuwa msomaji aliyekusudiwa.

Yeye alichokiona ni kitu alichokizoea. Mgeni amefika na msafara, ametoa zawadi, wamekunywa pamoja, wamefanya urafiki, bunduki zimepigwa hewani, kitambaa cha rangi kimepandishwa mtini. Kwa mila za njia ile, mgeni wa namna hiyo hutoa hongo yake, yaani ushuru wa kupita, hulala, kesho huondoka. Na kweli Peters aliondoka. Zaidi ya hayo, chifu wa Kisagara hakuwa na ardhi ya kuuza. Alikuwa na watu wa kuwaamua na matambiko ya kuyasimamia. Mashamba yalikuwa ya koo.

Wacherokee wa Marekani wangekielewa kisa hiki bila mkalimani. Mwaka 1835, huko New Echota, kikundi kidogo cha watu wao kilitia saini mkataba wa kuitoa nchi yote ya kabila upande wa mashariki, ilhali kiongozi wao mkuu, John Ross, hakusaini na aliupinga. Seneti ya Marekani ikaupitisha hivyo hivyo. Mwaka 1838 wanajeshi wakaja kuwatoa watu majumbani, na maelfu wakafia njiani. Nao wana mkataba, nao wana saini. Sijui nani kati yetu angethubutu kusema Wacherokee waliuza nchi.

“Tanganyika ilikatwa mezani Berlin.”

Uongo, ingawa picha ya wazungu wenye rula kuizunguka ramani imeshatukaa. Mkutano wa Berlin ulianza 15 Novemba 1884 na ukafungwa 26 Februari 1885. Ulizungumzia zaidi bonde la Kongo, mto Niger, na taratibu za kufuata anayetaka kudai kipande cha pwani. Hati ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza ya kuilinda “nchi” ya Peters ilitolewa 27 Februari, siku moja baada ya wajumbe kufunga mizigo. Mipaka yetu ilikuja kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani wao kwa wao, kwanza mwaka 1886, kisha 1890.

Na kwa kuwa tumefika hapo: Malkia Victoria hakumpa mjukuu wake Mlima Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ule mpindo wa mpaka kuuzunguka mlima ulikubaliwa mwaka 1886. Mjukuu, Wilhelm wa Pili, alikuja kuwa Kaisari mwaka 1888. Wajerumani walishikilia mlima kwa sababu Karl Jühlke, mwenzake Peters, alikuwa amepata alama ya Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885. Karatasi nyingine ile ile.

“Hii yote ilikuwa pori tupu.”

Uongo mkubwa kuliko wote, na ndio uliogharimu watu wengi zaidi.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Hakuwa amekwenda mbali alipofika Simbamwene, mji wa Kisabengo, hapo ilipo Morogoro ya leo. Mwenyewe aliandika kwamba alikuta mji wenye ukuta wa mawe na minara, na kwamba mtawala wake alikuwa mwanamke, binti wa Kisabengo. Aliona pia mahindi, mtama, vijiji na masoko. Ukiendelea na njia unafika Mpwapwa, halafu Ugogo ambako hakuna msafara uliopita bila kulipia maji, halafu Tabora, halafu Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuja Bagamoyo kila msimu walibeba frasila mbili kila mmoja, kilo 32 hivi, begani, kwa miezi. Huwezi kulisha maelfu ya watu wa namna hiyo porini patupu. Walikula kwa sababu kila kituo kulikuwa na wakulima waliokuwa na ziada ya kuuza.

Utupu ulitengenezwa baadaye, na ulitengenezwa kwa sheria. Amri ya 26 Novemba 1895 ilisema ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola ya Kijerumani. Sasa “mwenyewe” ni nani? Ni yule anayeonekana akilima leo. Shamba lililopumzishwa, malisho ya kiangazi, msitu wa kuchimba dawa na kukata nguzo, vyote hivyo vikawa havina mtu. Marekani walikuwa wameshafanya hesabu hiyo kwa sheria ya 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 karibu na bure kutoka kwenye nchi ambayo kwenye makaratasi ilikuwa ya serikali, na kwenye kumbukumbu ya Walakota na Wacheyenne ilikuwa ya wazee wao.

Halafu kukaja sotoka, ile tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, halafu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata. Msafiri aliyepita kusini baada ya hapo akaandika kwamba nchi haina watu, akawa hakusema uongo. Hakusema tu walikwenda wapi.

“Marekani haina mkono katika habari hii.”

Hili huwashangaza watu. Ni uongo.

Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wake, Richard Waters wa mji wa Salem, alikuwa ameshakaa Unguja. Wafanyabiashara wa Salem walileta kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, merikani, kikapendwa bara kuliko vitambaa vyote hadi kikawa fedha. Posho ya mpagazi ilipimwa kwa merikani, hongo ya Ugogo ililipwa kwa merikani. Zilizorudi zikawa pembe za ndovu za kutengenezea vibao vya piano huko Connecticut, na sandarusi ya pwani yetu ya kupakia samani rangi ya kung'aa.

Pamba ya merikani ilitoka wapi? Viwanda vilikuwa kaskazini, lakini pamba ilitoka Georgia, Alabama na Mississippi, kwenye ardhi waliyofukuzwa Wacherokee, Wacreek na Wachoctaw kwa sheria ya mwaka 1830, ikapandwa na kuchumwa na watumwa weusi. Kwa hiyo mpagazi aliyetoka Bagamoyo na robota la merikani begani alikuwa amebeba tunda la kutwaliwa kwa nchi za watu, miongo mingi kabla ya nchi yake mwenyewe kutwaliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokausha pamba baada ya 1861, viwanda vya Uingereza na India vikajaza nafasi.

Stanley naye tumrudie. Mwaka 1867, kabla hajaiona Bagamoyo, alikuwa mwandishi wa gazeti la Missouri akifuatana na majenerali na makamishna waliokwenda kuwasainisha Wakiowa, Wakomanche na Wacheyenne mkataba huko Medicine Lodge, Kansas. Alijua mikataba ya namna hiyo inavyofungwa na inavyoishia. Mwaka 1884 alikuwa Berlin, mshauri wa ujumbe wa Marekani. Na Marekani hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa dola ya kwanza, Aprili 1884, kuitambua bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo.

“Wajerumani walikuwa wamebanana kwao, walihitaji ardhi.”

Ndivyo Peters na wenziwe walivyohubiri. Katika miaka ya 1880 zaidi ya Wajerumani milioni moja walihamia Marekani, na kilio kikawa: kwa nini damu yetu ikajaze nchi ya wengine? Tuwe na magharibi yetu wenyewe. Wakapata Afrika Mashariki. Mwaka 1913, karibu miaka 30 baadaye, Wazungu wote katika koloni lile, Wajerumani na wasio Wajerumani, walikuwa kama 5,300. Waliobanana walipanda meli za New York kama kawaida.

Mmea, ndio, ulihamia. Mwaka 1893 mtaalamu Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 ikafika hai. Mashamba ya Tanga na Pangani yalizaliwa hapo.

“Walikuja kukomesha utumwa.”

Hapa lazima nikae kidogo, maana Bagamoyo ndiko uongo huu unakouzwa rejareja, tena kwa nia njema.

Biashara ya watumwa ilikuwepo na ilikuwa mbaya. Hakuna sababu ya kuifunika kwa kuwa tu mkoloni aliitumia kama kisingizio. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakanunua watoto sokoni Unguja na kuwajengea kijiji. Juni 1873 Barghash, akiwa amebanwa na manowari za Waingereza, alitia saini kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa bara. Yote hayo kabla Peters hajakanyaga Saadani, na mikataba ya Peters ilihusu ardhi.

Utumwa uliingia katika hotuba pale kampuni yake ilipozidiwa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala wa pwani Agosti 1888, na Septemba pwani yote ikawaka. Kansela Bismarck hakutaka kutumia fedha za umma kuokoa wafanyabiashara waliojiharibia. Tarehe 27 Oktoba 1888 ukafanyika mkutano mkubwa Köln, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kudai Ujerumani ipigane na wauza watumwa wa Kiarabu. Hapo sababu ikapatikana. Tarehe 30 Januari 1889 Bunge likaidhinisha marki milioni 2, na maelezo yake yalitaja kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani. Kwa kazi hiyo akatumwa Hermann Wissmann na askari Wasudani walioajiriwa Misri, wengine kutoka Msumbiji.

Wakashinda. Je, wakautangaza utumwa kuwa haramu? Hawakufanya hivyo hata siku moja. Maofisa wao walikaa mabomani wakiandikisha mtumwa wa fulani kuhamia kwa fulani, na kupokea ada. Amri ya Desemba 1904 ilisema tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama zao waendelee. Waliotoka utumwani walijikomboa kwa fedha zao, walikimbia, au walipata hati za uhuru mmoja mmoja. Sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Koloni lililoanzishwa kwa marki milioni 2 za kukomesha utumwa lilikufa likiwa na watumwa.

“Vita vya Bushiri vilikuwa vita vya Waarabu.”

Hili ndilo jina walilolitoa Wajerumani kwa moto ule wa 1888, uasi wa Waarabu, na lilikuwa na manufaa: Mwarabu katika magazeti ya Köln alikuwa na maana moja tu, muuza watumwa.

Bushiri, au Abushiri bin Salim al-Harthi, kweli alikuwa na asili ya Kiarabu, na kweli alikuwa na shamba la miwa Pangani na watumwa wa kulilima. Kumpamba akawa mpigania uhuru wa wanyonge nako ni kutia chumvi. Lakini tazama waliosimama pamoja naye au kando yake. Bwana Heri bin Juma wa Saadani, aliyewaongoza Wazigua, hakuwa mtu wa Sultani wala wa Abushiri. Alipigana vita vyake mwenyewe na alisalimu amri Aprili 1890, miezi baada ya mwenzake kufa. Walikuwamo Washomvi wenye mji wa Bagamoyo, Wazaramo, Wadoe, na hata wapagazi waliokuwa wamekuja kuuza pembe.

Sababu zao zilikuwa za mjini na za shambani. Kampuni ilitaka kodi mpya, ilitaka forodha yote, ilitaka mwenye shamba athibitishe kwamba ni lake. Pangani, mtu wao Emil von Zelewski aliishusha bendera ya Sultani kwa nguvu za wanamaji. (Zelewski huyu ndiye ambaye Wahehe walimwua Lugalo Agosti 1891.) Bagamoyo ilishambuliwa 22 Septemba 1888, na manowari Leipzig ikateremsha wanamaji kuwapigania watu wa Kampuni. Maelfu ya wakazi walikimbilia misheni, na Abushiri hakuigusa. Mapadri walikuwa wakizungumza na pande zote mbili. Pugu haikuwa na bahati hiyo. Januari 1889 misheni ya Wabenedikti ilivamiwa na wamisionari wakauawa.

Kufikia mwisho wa 1888 Kampuni ilikuwa imebakiwa na miji miwili tu pwani nzima, Bagamoyo na Dar es Salaam. Kwa hiyo anayesema ujio wa mkoloni ulikuwa umeandikwa, hauna kuepukika, angetazama hesabu ya Desemba ile. Bila kura ya Januari na bila mizinga iliyovunja boma la Abushiri nje ya Bagamoyo 8 Mei 1889, Peters angebaki mtu mwenye karatasi.

“Bushiri alinyongwa Bagamoyo, pale penye mnara.”

Uongo. Alinyongwa Pangani, 15 Desemba 1889. Mnara wa ufukweni Bagamoyo ni wa wengine walionyongwa hapo.

“Sultani ndiye aliyeuza pwani.”

Kweli nusu. Aprili 1888 Sayyid Khalifa aliikodishia Kampuni utawala na forodha kwa miaka 50. Mwaka 1890, huku Uingereza na Ujerumani zikiwa zimeshaelewana, ndugu yake Sayyid Ali alilipwa marki milioni 4 na haki zake zote za pwani ile zikaisha. Mtu anayeuza kisu kikiwa shingoni mwake, tuite ameuza. Napoleon alipowauzia Wamarekani Louisiana mwaka 1803 kwa dola milioni 15, walau hakuna aliyemshikia kisu. Ila na yeye aliuza nchi za watu ambao hawakuwa na habari kwamba ni zake.

Kinachonikera ni malipo. Kampuni ilikopa fedha, serikali ya Kijerumani ikaahidi kuilipa marki 600,000 kila mwaka, na fungu la kulipia likatajwa: ushuru wa forodha ya pwani. Yaani pembe, sandarusi na nazi zilizopita Bagamoyo, Pangani na Kilwa ndizo zilizolipa bei ya Bagamoyo, Pangani na Kilwa.

“Kwao Ujerumani hakuna anayekumbuka.”

Kweli nusu, na nusu yake ina kichekesho. Peters alifukuzwa utumishi mwaka 1897 kwa kuwanyonga kijana Mabruk na msichana Jagodja huko Kilimanjaro. Huku kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Wanazi wakamfanya shujaa, na mwaka 1939 mtaa wa Berlin ukapewa jina lake, Petersallee. Wakazi walipoanza kulalamika, mwaka 1986 jiji likapata ufumbuzi: jina likabaki lile lile, ila likatangazwa kuwa sasa linamuenzi Peters mwingine, Hans, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Mabishano yakaendelea hadi Agosti 2024, vibao vikang'olewa. Kipande kimoja cha mtaa sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.